Shahidi Aliyetazama Mwewe

Mtoni, Temeke
Jumapili mchana

Baba,

Shikamoo. Na Mama pia shikamoo, popote alipo hapo nyumbani, maana najua hayuko mbali. Mie sijambo, ila sikai. Tangu asubuhi barua hii nimeianza mara tatu. Nikiandika mistari miwili nanyanyuka, nafagia uwanja ambao nimeshaufagia, narudi. Mwenye nyumba kaniuliza kama nimepoteza kitu. Nikamwambia ndiyo, ili aniache.

Naandika kwa sababu simu umenikatia mara mbili. Kila nikitaja macho yako mtandao unakuwa mbaya ghafla. Haya, barua haina kitufe cha kukata. Nakuomba uende hospitali ukapimwe macho, Baba. Usikasirike bado. Nisikilize kwanza, kuna jambo limenipata huku, nalo ndilo lililonifungua akili.

Unaikumbuka ile klabu ya ndege niliyokwambia? Mama alicheka akasema nimerudia utoto. Ilianzia hapa kibandani tunaposhona maturubai. Alikuja mzee mmoja, Mwalimu Daudi, mwalimu mstaafu wa hesabu, anataka ashonewe mifuko mirefu ya kubebea ndege zao za kuchezea. Nikamshonea. Siku ya kumpelekea, Kigamboni, akanipa moja nijaribu kuirusha, na tangu siku hiyo Jumamosi yangu imekwisha. Napanda pantoni asubuhi, narudi jua limenibabua.

Ndege zenyewe hazina injini. Ni nyepesi, ukiishika ni kama umeshika maandazi matatu. Unaikamata kwenye ncha ya bawa, unazunguka mzunguko mmoja kwa nguvu zako zote, unaiachia, inapanda kupita minazi. Baada ya hapo inakutegemea wewe na rimoti, basi. Ukikuta hewa ya moto inayopanda, inabebwa. Usipoikuta, dakika haijaisha iko chini na watu wanakutazama. Hiyo hewa haionekani, kwa hiyo sie tunawaangalia mwewe. Mwewe akizunguka bila kupiga mbawa, jua hapo pana hewa, mpelekee ndege yako chini yake. Kazi yangu ni ya kuinama kutwa nzima, Baba. Pale uwanjani natazama juu. Ndiyo maana siachi.

Sasa, klabu ina madaraja matatu, na kila daraja lina majaribio yake. Kukaa hewani dakika mbili. Kutua miguuni kwako. Kurusha mara tano bila kuharibu hata mara moja. Kila jaribio ukilifaulu linaandikwa kwenye daftari lako na shahidi anatia sahihi. Sheria ni moja tu na hawana mchezo nayo: shahidi awe ameiona ndege kwa macho yake, tangu inatoka mkononi mpaka inarudi. Ukimaliza daraja la tatu unaruhusiwa kufundisha wageni na kuwa shahidi wa wenzako. Nilikitaka hicho kitu, sijui nikueleze vipi. Mie niliyeishia darasa la saba, nimfundishe mtu mzima jambo lililo juu ya kichwa chake! Shahidi wangu siku zote alikuwa Mwalimu Daudi, maana wenzetu wanafikaga saa tano na mie nafika mapema.

Jaribio la mwisho kabisa ni kukaa hewani dakika kumi kwa mrusho mmoja, kisha uidake kwa mkono. Nilikuwa nimelishindwa tangu mwaka jana. Jumamosi moja, baada ya masika kukatika, tulikuwa wawili tu uwanjani. Mara ya kwanza ikaanguka. Ya pili ikaanguka. Ya tatu nikaipeleka juu ya mabati ya wafyatua matofali walio jirani na uwanja, na pale ikabebwa. Mungu wangu! Ikawa inapanda yenyewe, mie nazungusha tu kidogo kidogo, shingo inauma, jasho linaingia machoni, sithubutu kujifuta. Mwewe mmoja akaja akazunguka nayo. Nikasikia Mwalimu anasema, "Kumi zimetimia! Ilete sasa, taratibu." Nikaileta. Ikapita juu ya kichwa changu, ikageuka, nikanyoosha mkono nikaidaka bawa.

Nikageuka nimpigie kelele. Mwalimu alikuwa ametazama juu, saa iko mkononi, uso umekunjamana kwa jua. Akasema, "Usiharakishe, Salma. Bado iko juu mno. Izungushe kushoto."

Ndege nilikuwa nimeishika, Baba. Iko mkononi kwangu, bawa linagusa gauni langu. Yeye alikuwa anamtazama mwewe.

Nikasema, "Mwalimu, nimeshadaka." Papo hapo akabonyeza saa, akacheka kicheko kikubwa. "Nimeona, nimeona! Safi sana!" Akachukua daftari akatia sahihi. Na mie mjinga nikamshukuru.

Wiki mbili zile sikuwa mtu. Nikilala nageuka, nikila nasimama. Kazini nilishona turubai la harusi nikaziba mlango, bosi akaniuliza, "Salma, maharusi watapitia wapi?" Wote wakacheka, mie nikafumua, nikaanza upya. Daftari langu limejaa sahihi, na sijui ni ipi aliyoiona kweli. Nikisema, namwaibisha mzee aliyenifungulia mlango, na kazi yangu yote inafutwa. Nikinyamaza, nitakuwa shahidi wa wenzangu kwa cheti cha uongo. Nilikaribia kunyamaza. Naona aibu kuandika hivyo lakini ndiyo kweli.

Mwisho nikamfuata kwake. Nilisubiri mkewe aingie jikoni, nikamuuliza bila kuzunguka, "Mwalimu, ndege yangu unaionaga?"

Akawaka. "Unataka kusema mimi mwongo? Nyumbani kwangu?"

"Sijasema mwongo. Nimeuliza unaiona."

Akageukia mlango wa jikoni, Baba, akashusha sauti. Kisha akasema, "Naona kitu kinachozunguka. Zamani nilijua kipi ni mwewe na kipi ni ndege. Sasa nakusikiliza wewe. Ikipanda unanyamaza. Ikishuka unaongea ovyo."

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Nikisema sioni, mtanipa kiti kivulini. Na kivulini nimekaa tangu nistaafu, mama. Nimechoka."

Nilitoka pale bila kumwomba chochote. Lakini Jumamosi iliyofuata alisimama mwenyewe mbele ya wanachama akasema yote. Katibu wetu, Bi Neema, akachukua kalamu nyekundu, akafuta majaribio yangu yote ambayo Mwalimu aliyashuhudia. Sita, pamoja na lile la dakika kumi. Nimerudi daraja la kwanza na watu walioanza juzi. Nililia, sikufichi, na haikuwa huruma, nililia kwa hasira. Siku nne nzima nilimchukia yule mzee, hata salamu zake sikuzijibu.

Bi Neema ndiye aliyempeleka hospitali. Wakasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, kitu cha kutolewa kikaisha. Wamefanya jicho moja kwanza, akarudi nyumbani siku ileile. Jumamosi kabla ya jana kaja uwanjani na miwani nyeusi, kaishika ndege yangu, kaigeuza huku na huku, kasema, "Kumbe ina rangi mbaya namna hii, na hamkuniambia!" Nikacheka mpaka nikakaa chini. Hasira iliyobaki ikaishia hapo. Jana nimejaribu tena lile la dakika mbili, upepo ukanishinda mara zote. Yeye ndiye aliyeshika saa, na kila ilipoanguka alitangulia kunionyesha ilipoangukia.

Haya, sasa tuje kwako.

Mwezi uliopita tulipopigiana simu ya video, Tatu ninayeshona naye ndiye aliyekuwa ameishika. Hata hajafungua mdomo, ukamwambia, "Salma mwanangu, umenenepa." Tatu ana miaka hamsini, Baba, na amevaa miwani. Sote tukacheka, nawe ukacheka, ukasema ulikuwa unatania.

Na ile sanamu ya mpingo uliyonichongea, akaniletea Mjomba, ya mwanamke anayesuka mkeka. Nilikupigia nikakwambia ni nzuri kuliko zote. Nilikudanganya. Sura ni nzuri, shingo ni nzuri, lakini mkono wa kushoto una vidole sita. Nilivihesabu mara nyingi. Wewe, uliyekuwaga unazikataa sanamu za vijana wako kwa kosa la ukucha! Nikanyamaza, nikaiweka juu ya kabati, mkono ule nikaugeuzia ukutani. Mie nami nilikutilia sahihi kitu ambacho sikukiona, au nilichokiona nikakikataa. Na kile kidole ulichojikata kwa tezo ukichonga, mkasema ni mkwaruzo, Mjomba ameniambia kilishonwa.

Najua unachokiogopa. Unaogopa watakunyang'anya tezo wakupe kiti. Sitaki ukae kwenye kiti, Baba. Nataka ukate mpingo mpaka uchoke mwenyewe. Huenda yako ni kama ya Mwalimu, huenda siyo, sijui, mie si daktari, na kutojua huko ndiko kunakonizungusha na ufagio hapa uwanjani. Ijumaa ijayo napanda basi. Jumatatu tunaenda hospitali, mie na wewe. Ukitaka kugomba, gomba njiani.

Nisalimie Bibi, mwambie dawa yake ya kuchua nimeipata. Nisalimie Shangazi Fatu aliyenilea, na kaka yangu Rashidi huko kwenye mikorosho yake, asimamie vijana kibandani kwako tukiwa hatupo. Mjomba usimgombeze, nilimbana mwenyewe mpaka akasema.

Mama, sasa naongea na wewe. Hizi karatasi nimemwandikia Baba, lakini najua sauti inayozisoma ni yako, na yeye amekaa hapo pembeni anasikiliza. Barua ya mwisho mlisema ameisoma mwenyewe, nami nikakubali kwa sababu nilitaka iwe hivyo. Usiruke hapa. Soma kwa sauti kama ulivyosoma mengine, kisha umjibu na yeye akiwapo: ni tangu lini unamsomea?

Binti yenu,
Salma