Uvivu wa Tezi

Jumanne, 22 Aprili
Nimeamka jua limeshatoka. Tena. Mama mkwe alikuwa ameshafagia uwanja na kubandika uji. Hakuitikia shikamoo yangu. Shambani nimechuma kahawa nikitetemeka kwa baridi, wenzangu wanatoka jasho. Uso umevimba. Nywele zinabaki kwenye kitana.

Jumapili, 27 Aprili
Sikuimba kanisani. Sauti imekuwa nzito, inakwaruza. Mwalimu wa kwaya akasema nihamie besi, kwa wanaume. Wakacheka. Deo, mume wangu, alicheka kuliko wote. Nimemchukia.

Jumanne, 6 Mei
Leo Deo kasema waziwazi, mbele ya mama yake: "Nimeoa mtu wa kulala. Jembe hushiki, mimba hazikai." Mimba mbili zimetoka. Zote nililia peke yangu. Mama yake akasema kuna binti kule kijiji cha Mbuba, mchapakazi. Hata hasira siku hizi inanijia polepole.

Alhamisi, 8 Mei
Nimeondoka Keza, kwa mume. Sikumuaga mtu. Niko kwa mama, Nyarubungo. Kaniangalia uso, kisha shingo. "Mwanangu, uvimbe huu umeanza lini?" Kule hakuna aliyewahi kuuliza.

Jumatatu, 12 Mei
Hospitali, Biharamulo. Daktari, mama wa makamo, kanishika koo na kuniambia nimeze mate. Damu inapelekwa Mwanza kupimwa. Nasubiri. Nimechoka kusubiri.

Alhamisi, 22 Mei
Majibu yametoka. Ni tezi ya shingo.
Daktari kanieleza taratibu. "Iko hapa mbele ya koo, umbo lake kama kipepeo. Inatengeneza homoni zinazouendesha mwili. Joto, mapigo ya moyo, nguvu, hedhi, hata choo. Yako imedhoofika. Ubongo unaihimiza, lakini haiwezi."
Nikauliza nimekosea wapi.
"Hujakosea, mama. Kinga ya mwili wako inaishambulia tezi yako mwenyewe."
Hata mwili wangu umenigeuka, basi.
Na mimba zilizotoka? nikauliza.
"Inawezekana kabisa tezi imechangia."
Nimelia pale pale, kwa uchungu. Sikuwa mvivu. Nilikuwa mgonjwa, na nikatukanwa kwa ugonjwa wangu. Kidonge kila asubuhi, tumbo likiwa tupu. Pengine maisha yote.

Jumapili, 1 Juni
Bado nasinzia. Daktari alinionya kwamba dawa hii haina haraka. Nimesikia binti wa Mbuba ameshaingia nyumbani kwangu. Analala kwenye godoro nililonunua mimi. Sitaandika ninachowatakia.

Jumamosi, 28 Juni
Nimelima tangu asubuhi hadi jua kali. Sikukaa chini. Mama kaniangalia. Nikalima zaidi.

Jumamosi, 12 Julai
Deo kaja na pikipiki. "Nasikia umepona. Yule binti kakimbia. Kahawa inaanguka, twende nyumbani."
Nikamwambia sijapona, natumia dawa. Nikamtajia ugonjwa. Hakuuliza ni ugonjwa wa namna gani, wala kama unaua. Akauliza kama naweza kuchuma.
"Tafuta vibarua," nikamwambia.
Alikaa kidogo juu ya pikipiki, kama anasubiri nicheke. Sikucheka. Akaondoka.
Nilidhani nitafurahi. Sikufurahi.

Jumatatu, 21 Julai
Nimeamka kabla ya mama. Nimemeza kidonge, nikasubiri, ndipo nikanywa chai. Tumepukuchua maharage hadi mchana. Mama akasinzia pale pale kwenye mkeka, maganda mapajani. Nikamwacha alale.