Kucha Nyekundu za Mjane Mwenye Mume

Mpendwa Tantine Wabiwa,

Naomba msaada wako, na naomba usome hii barua mpaka mwisho mbele ya kunihukumu, juu hata mi mwenyewe nikiirudilia naangalia mikono yangu, na hiyo mikono njo ilinileta hapa. Ku radio uniite Félicité. Niko na miaka makumi tatu na mbili na batoto tatu, naishi hapa Baraka, kazi yangu ni kununua ndagala mubichi, ile samaki kidogo-kidogo, asubui ku mwalo kwenye mitumbwi inafika, kuanika, na kuuza ku soko. Bwana yangu anaitwa Casimir, anachimbaka zahabu kule Misisi, anaweza kumaliza miezi ine, hata sita, bila kufika nyumbani, ila feza anatuma na simu anapiga, sina cha kumulaumu. Nakuambia hii mapema ujue kama bwana yangu ni muzima kabisa, anakula, anacheka, hata jino halimuumi.

Bon. Miaka tatu imepita tangu siku yenye nilikuwa nabishana bei na papa Albert, muvuvi mwenye mitumbwi mbili, muntu mukubwa, mupole, bibi yake alishafariki. Mi nakuambia bila kujisifu, Tantine, kwa mambo ya bei bamama bote ba mwalo bananijua, naweza kubishana mpaka muuzaji anasahau alianzia wapi. Lakini siku ile papa Albert alikataa kushuka, akaniuliza kwani bwana yako hana kazi, nikamujibu, "Bwana yangu alituacha, papa, niko peke yangu na batoto." Naapa mbele ya Mungu nilitaka kusema alituacha akaenda Misisi. Lakini na wewe unajua hapa kwetu ukisema fulani alituacha bantu banaelewa nini. Papa Albert akavua kofia. Akasema pole sana mama, akashusha bei, halafu akachota ndagala na mikono mbili akaniongezea matabishi ya bure. Nikafungua kinywa nimusahihishe, nikaangalia beseni yangu vile imejaa, nikafunga kinywa.

Tangu siku ile nikawa mujane wa mwalo, papa Albert aliniuliza jina ya bwana, nikamuambia Casimir. Sikuvaa nguo nyeusi, sikulia, ila kila bei ikinikazia nilinyoosha tu mikono yangu, ilikuwa imepasuka juu ya chumvi na moshi, nikasema angalieni mikono ya muntu asiye na musaidizi, na bei inashuka. Nilizoea mpaka sikuona tena kama ni uongo. Nyumbani niko bibi ya Casimir, ku mwalo niko mujane, na kati ya nyumba na mwalo ni mwendo wa dakika kumi.

Sasa mwezi uliopita Casimir akapiga simu akasema anakuja, atakaa nyumbani wiki tatu. Nilifurahi sana, halafu nikaangalia hii mikono, nikaona haya, juu hakuna mwanaume anatoka mbali vile ili kushikwa na mikono inakwaruza. Kulikuwa dada mumoja, Gentille, ametoka Bukavu akafungua salon karibu na soko, iko na mashini ya taa, anapaka ile banaita vernis permanent, unaosha vyombo, unafua, unakanda bugali, wiki tatu haitoki. Nikaenda. Alitaja bei, nikacheka, nikaenda mpaka ku mulango, nikarudi, nikamuomba dernier prix, bei ya mwisho, nikamuambia mi ni mukiriya wa kwanza wa asubui, nitakuletea bamama wengine, na matabishi unikate kucha za miguu. Gentille naye si mutoto ku mambo ya bei, akashikilia yake. Njo kinywa changu kikatumika kwa mazoea, nikaweka mikono ku meza nikasema, "Angalia mikono ya mujane, dada."

Gentille aliiangalia, machozi yakamulengalenga, kumbe mama yake alimulea peke yake. Akakata bei nusu. Nilikaa pale mikono yangu iko ndani ya taa, yeye ananitia moyo, ananiambia mujane pia ni mwanamuke, akanichagulia rangi nyekundu yenye kuwaka, akasema hii itakurudisha kati ya bantu. Ningesema nini? Nikasema asante.

Casimir akafika. Tantine, alishika hii mikono ku meza mbele ya batoto, akasema kule Misisi anaiotaka usiku. Siku mbili hakuniacha hata niguse sufuria, aliosha yeye. Nilikuwa na furaha ya ajabu, na siku ya tatu nikaenda ku mwalo na ile furaha yangu na zile kucha zangu, papa Albert akaziangalia, akasema, "Mama, naona deuil umeitoa, matanga imeisha."

Ni hapa nilikosa kabisa. Ningeweza kucheka, ningeweza kusema nilipakwa juu ya harusi ya ndugu fulani, lakini nilikuwa nafikiria bei, nikajibu, "Muntu atalia mpaka lini, papa?" Akatabasamu, akaniambia leo bei utaje wewe mwenyewe. Na mi mwenye kujisifu kama najua bei, sikujiuliza kwa nini muvuvi mwenye akili anauza vile.

Siku ya posho, njo Jumamosi, saa sita ya muchana, niko nyuma ya nyumba nageuza ndagala, nikasikia hodi. Casimir alienda kufungua. Kulikuwa kaka mukubwa wa papa Albert na dada yake, bamevaa nguo za kanisa, bameleta kikwembe kipya cha kujifunga na kasiye moja ya chupa za sucré. Nilichungulia nikabatambua, nikajificha nyuma ya ukuta. Yule muzee akasalimia vizuri, akasema, "Tumefika kwa heshima, tunatafuta familia ya marehemu Casimir, tuzungumuze habari ya mujane wake."

Casimir aliangalia kikwembe, akaangalia kasiye. Halafu akasema, "Marehemu ni mimi."

Yule dada ya papa Albert aliketi chini ku udongo na kikwembe mukononi. Muzee akaomba samahani, akasema labda bamekosea nyumba, akauliza kama hapa si kwa mama wa ndagala mwenye kucha nyekundu. Casimir akabaletea viti, akabaletea maji, hakuna aliyeweza kunywa. Kwa sauti ya polepole akabauliza alikufa lini. Bakamuambia miaka tatu sasa. Bakamuambia vile papa Albert aliomba kanisa lao liombee batoto ba marehemu Casimir, na liliomba. Yeye alikuwa anatingisha kichwa tu sawa muntu anasikiliza habari ya mugeni. Baliondoka haraka, bakaacha kikwembe na sucré ku baraza.

Hakunipiga, Tantine, hakunitukana. Angenitukana ningejua pa kuanzia. Alipanga nguo ndani ya mufuko wake, akabusu batoto, na ku mulango akaniambia, "Mujane anaishi peke yake." Akapanda moto, ile pikipiki ya kukodi, mpaka Makobola kwa ndugu yake Henri. Leo ni siku ya nane, simu inaita, hashiki. Ku mwalo sijarudi, bamama bananicheka mbele ya uso. Na hizi kucha hata moja haijabanduka! Nimekwangua na wembe mpaka damu, nimeenda kwa Gentille, ameshasikia yote, hakuniangalia ku macho, akasema kupaka tulizungumuza, kutoa hatukuzungumuza, kuko na bei yake.

Unishauri nimufuate Casimir, ao ningoje hasira ipoe? Nikisema kweli ku mwalo nitakosa ndagala, na batoto batakula nini? Ao niseme tu kama papa Albert alinisikia vibaya? Juu ni kweli, Tantine, neno "alikufa" sikulitamka hata siku moja.

Félicité, Baraka

*

Félicité,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa nimesimama. Miaka yote ninayojibu barua hapa nimeandikiwa na wanaume wanaojifanya hawana bibi. Nimezoea hao. Bibi aliyemzika bwana anayemtumia feza, akamzika kwa ajili ya ndagala, huyo sijapata kumsikia hata siku moja, na sikujua nicheke au nipige magoti niombe.

Tuanze na hilo swali lako la mwisho, maana ndilo limenikasirisha. Alikusikia vibaya? Hapana, mama. Neno "alituacha" lina maana mbili, sawa, nakukubalia. Lakini "pole" ya muntu aliyevua kofia ina maana moja tu, na wewe uliipokea ukaiweka ndani ya beseni. Unasema hukutamka "alikufa". "Mujane" je? Umeandika kwa mkono wako kwamba ulimwambia Gentille. Siku papa Albert alipokuuliza habari ya deuil, Casimir alikuwa nyumbani kwako anaosha sufuria, na wewe ukamuua mara ya pili. Acha kutafuta neno la kujifichia, Félicité, hakuna lililobaki.

Nakuonea huruma pia, usifikiri sina moyo. Kulea batoto tatu na bwana yuko kwenye mashimo ya Misisi si mchezo, na usiku mwingi nadhani ulijiona mjane kweli. Kutaka mikono mizuri ili bwana aishike, hiyo si dhambi, na mtu akikucheka kwa ajili ya kucha mwambie aje kwangu. Kubishana bei nako ni akili, tena akili ya kulisha nyumba. Lakini bei inabishaniwa kwa mambo yaliyoko mezani. Lipa taslimu wakati wengine wanakopa. Nunua beseni mbili kwa pamoja. Chukua zile zilizobaki jua likipanda, muvuvi anapotaka kurudi kwake. Casimir hakuwa mezani. Hukuwa na ruhusa ya kumtoa kama punguzo.

Na kuna jambo ambalo hukuligusa kabisa katika barua yako yote, hata kwa mstari mmoja. Hili eneo letu la Fizi, na vita vyake vyote, halina upungufu wa wajane, na hilo huhitaji nikueleze. Wako pale pale mwaloni, wanasimama pembeni yako na mabeseni yao. Muvuvi ana huruma ya asubuhi moja, haina mwisho kama ziwa. Ile aliyokumwagia wewe kwa mikono miwili kuna mama aliyeikosa, na huyo mama jioni hakuwa na simu ya kupigiwa kutoka Misisi. Mimi ningekuwa wewe, hilo ndilo lingeninyima usingizi kuliko kucha.

Sasa sikiliza utakachofanya, na usianze kubishana na mimi.

Kesho tafuta shangazi yako au mama mkubwa, mtu wa heshima wa upande wako, mwende naye kwa papa Albert. Mrudishie kikwembe na ile kasiye, na kama watoto wamekunywa hata chupa moja, nunua nyingine ujaze. Usilie kule. Yule baba ameaibika pamoja na ukoo wake kwenye baraza la watu, machozi yako yatamlazimisha akufariji tena, na ameshakufariji miaka mitatu. Mwombe msamaha, umwambie kwamba hakukosea lolote, wewe ndiye uliyekosea, kisha uondoke.

Kesho kutwa nenda mwaloni wakati mitumbwi inafika, watu wakiwa wengi. Usisubiri wapungue. Sema bwana yako ni mzima, anaitwa Casimir, na kwamba ulidanganya. Maneno ni hayo tu, usiweke hadithi ya Misisi wala ya neno kuwa na maana mbili. Watacheka, watakutukana kidogo, na wiki chache utanunua kwa bei ya kila mtu. Lipa. Ndagala haijakatazwa kwa wenye mabwana.

Kwa Gentille nenda na bei yote, ile nusu aliyokupunguzia pamoja na ya kutoa, na leo usiombe matabishi. Wembe utupe. Hiyo rangi inatolewa kwa kuisugua juu kwanza kwa tupa ya kucha, halafu pamba yenye acetone inafungwa kila kidole dakika kumi na tano, inalainika yenyewe. Ukikwangua utaharibu kucha na hutakuwa umefuta kitu kingine chochote. Na siku nyingine ukiingia salon, uliza bei ya kuweka na ya kutoa kabla hujaketi.

Unaniuliza kama ungoje hasira ipoe. Félicité, mwanaume aliyewaletea viti watu waliokuja kumposa bibi yake hana hasira. Ana uchungu, na uchungu haupoi kwa kuachwa Makobola peke yake, huko unakomaa. Bwana wako anashuka kwenye shimo kila siku akijua anaweza kufa kweli. Alifikiri kuna nyumba moja duniani ambamo yeye ni mzima kila asubuhi, akakuta watu wamekwisha kumwombea. Hiyo nyumba ndiyo uliyomnyang'anya, na ndiyo inayomuuma, si kucha.

Kwa hiyo ukitoka mwaloni usirudi nyumbani kuoga, panda moto na harufu yako ya ndagala uende kwa Henri. Usitume mchungaji akutangulie, usimwandikie ujumbe kwenye simu. Bisha hodi mwenyewe. Wakiuliza ndani ni nani, usitaje jina lako. Sema kwa sauti, majirani wote wasikie: ni bibi ya Casimir.

Tantine Wabiwa