Kufuli Moja Kwenye Bomba

Jumanne usiku, Kitale

Leo nimefungua ile vali kubwa ya mvuke kuisafisha bila fundi mwenzangu Wafula. Ni mara ya kwanza tangu astaafu na kurudi kwao Kabuchai.

Nilifunga bomba, nikatia kufuli yangu ili mtu asifungulie mvuke nikiwa kazini. Ya Wafula ilikuwa ikining'inia kando ya yangu kila mara. Nilisimama pale nikiangalia ile nafasi kama mjinga.

Geji ilisema presha ni sufuri. Sikuiamini. Nililegeza kwanza nati za upande wa mbali, kidogo tu, vile tulivyozoea. Mvuke uliobaki ndani ukatoka kwa kelele upande ule. Kama ningeanza na zilizo karibu na uso wangu...

Nikarudi nyuma, nikangoja uishe. Hakuna aliyeona, watu wa boila walikuwa wameenda chai. Baadaye nilisafisha vali, nikaweka gasketi mpya, nikaifunga. Haivuji.

Jioni nikampigia Wafula, nikamwambia nimefungua ile vali.

"Ulianza na nati za mbali?"

"Nilianza nazo."

"Basi uko sawa, bana."

"Na huko?"

"Huku ni miwa tu."

Nilitaka kumwambia niliogopa, lakini miaka yote hiyo tuliongea habari za mashine tu. Sikujua pa kuanzia.

"Si kredo yako ya simu itaisha bure," akasema, akakata.

Nilikaa na simu mkononi mpaka mwanga wake ukazimika.