Latsamy na Sauti ya Nyuma ya Pazia

Jumatatu, 6 Mei
Mvua. Watoto wameingia na tope hadi magotini. Mchezo wa pazia tena: nimetundika sketi yangu kuukuu kwenye kamba, najificha nyuma, namwita mtoto, natoa sauti ya herufi. Yeye anairudia na kuinua kadi ya herufi hiyo. Masikio kwanza, macho baadaye – ndivyo tulivyofundishwa kwenye semina.

Wote wanaweza, isipokuwa Latsamy. "Latsamy! Sss." Kimya. Nikichungulia, amekaa wima, analitazama pazia. Wenzake wakaanza: "Kiziwi! Kiziwi!" Nimewakemea. Na wakati wa mapumziko huyohuyo anaongea kama cherehani!

Mpimaji wa watoto kutoka wilayani anakuja Jumatano ya wiki ijayo. Asiyejibu haingii darasa la kwanza. Nyumbani kwao watasema basi, akachunge bata.

Jumatano, 8 Mei
Si kiziwi. Nimefunua kikapu cha wali wa kunata nyuma ya mgongo wake, polepole, kifuniko kikakwaruza kidogo tu. Kageuka kabla ya wote!

Basi ni kiburi? Nikapandwa na hasira. Nikamwita kutoka nyuma ya pazia. Kimya. Tena. Kimya. Mara ya tatu nilipiga kelele hasa, naye akajibu, "Sss," safi kabisa, kadi juu.

Kwa nini sasa na si mwanzo? Ati bibi yake kasema sauti usiyoona uso wake, ngoja iite mara tatu. Pepo wa msituni huita mara mbili tu, kisha huchoka. Ananieleza taratibu, kama mimi ndiye mtoto.

Nilicheka, kisha nikaacha. Mimi mwenyewe nikiitwa nje gizani siitikii. Mtu mzima, na cheti changu ukutani!

Alhamisi, 9 Mei
Naita mara tatu. Amepata zote. Zote!

Ijumaa, 10 Mei
Nimepiga simu wilayani. Wanasema kila sauti itatamkwa mara moja tu, mpimaji akiwa nyuma ya kadibodi. Nikaeleza habari ya pepo. Yule bwana wa simu akaniuliza kama nimekunywa.

Jumapili, 12 Mei
Nimekwenda kwa bibi yake, Bibi Bouavan. Anatafuna tambuu. Nikamwomba amwambie mtoto kwamba shuleni hakuna pepo.

"Mwalimu, ulimjua mwanangu Khamsing?"

Sikumjua. Nimehamishiwa hapa mwaka huu tu.

"Baba yake huyu. Aliitwa pale ukingoni mwa shamba, mara moja. Akaitika, akaenda kuangalia. Hatukuona hata kandambili yake."

Nikasema, lakini bibi, mtoto ataachwa nyuma.

"Aachwe! Aliyeachwa nampikia. Aliyechukuliwa nampikia nani?"

Nimerudi na hasira, sijui namkasirikia nani. Na mayai ya bata kanipa, sita.

Jumatano, 15 Mei
Naandika kwenye ngazi za darasa, daftari gotini. Mpimaji, Bi Sengdeuan, mpole, lakini kanitoa nje. Mwalimu haruhusiwi. Mlango hawakuufunga vizuri. Latsamy ni wa mwisho.

Bibi yake amekuja! Sikumwita. Kakaa ngazi ya chini.

Nasikia kila kitu.

"Latsamy. Sss." Kimya.

"Mmm." Kimya.

"Kkk." Kimya. Kalamu inakwaruza karatasi.

Bibi ananiuliza mbona haiti tena. Ndio utaratibu, bibi, mara moja tu.

"Utaratibu gani huo? Hata pepo huita mara mbili!"

Katema tambuu. Kanipita. Kasukuma mlango! Bi Sengdeuan anasema mama, huruhusiwi, mama tafadhali. Bibi wala hasikii. Namwona kwa upenyo: kazunguka kadibodi, kainama, anamkagua mgeni miguu kwanza, kisha uso.

"Latsamy. Huyu ni mtu. Nimemwona mimi. Mjibu."

Halafu kasauti kale:

"Sss. Mmm. Kkk."

Kwa mpangilio! Alikuwa amezitunza zote, hakuacha hata moja. Kadi nazo nazisikia zikigonga meza, moja baada ya nyingine.

Bibi bado kasimama palepale. Nimetega sikio, naisubiri kalamu ya Bi Sengdeuan iandike kwamba amejibu.