Jicho la Turbine Lililopakwa Rangi

Nyawera, Bukavu
Tarehe 14 Agosti 2023

Mpendwa kaka yangu, yaya Usman,

Asalaam aleikum. Natumaini barua hii inakukuta muzima hapo Kigoma, wewe na wifi Malaika. Goti lako linaendeleaje? Sisi huku tuko wazima wa mwili. Maman wetu anakula vizuri, na bado anagombana na jirani juu ya kuku. Ni roho yangu tu ndiyo imechafuka.

Nilipata ujumbe wako, kwamba niende kumuomba chef wa kazi pardon, anisamehe nirudi kazini, nisije nikamufukuzisha na mutoto wako Assani. Niliusoma, nikaweka simu chini, nikachukua kalamu. Sikukukasirikia. Najua umesikia upande moja tu.

Unajua kazi yangu pale centrale ya gaz, tunapotengeneza umeme: kupima sonde za joto, vile vipimo vya ndani ya machine, na kusafisha jicho la moto. Hilo jicho ni kioo kidogo kinachochungulia moto ndani ya turbine, ile machine inayotoa umeme. Moto ukizimika, linafunga gaz palepale. Kama halifanyi kazi, gaz inaendelea kumiminika juu ya vyuma vya moto mpaka inalipuka, na wanaoketi karibu wanaenda nayo.

Basi ikaja habari ya wageni wakubwa, na fête, sherehe ya kuwapokea. Unawajua watu wa kwetu na wageni. Chef wetu, Papa Télesphore, akaamuru kila kitu kipakwe rangi nyeupe: ukuta, mabomba, mawe ya njiani, hata muti wa avoka mpaka kiunoni. Wakapaka na turbine. Wakapaka na kioo cha jicho, tena vizuri kabisa. Machine ikawa inawaka na kuzimika, na ilikuwa na haki, kwa sababu jicho halioni kitu.

Kukwangua ile rangi ni kazi ya asubuhi moja, lakini lazima kufungua machine, na chef hakutaka wageni waikute wazi. Akaita mufundi wa umeme, na huyo akafunga waya nyuma ya jicho, machine idanganyike kwamba moto iko. Mimi nikaambiwa, "Tutatengeneza kisha ya fête, maman Bintu. Usituharibie siku."

Fête ikapita. Wageni wakala mbuzi, wakapiga picha, wakaenda. Waya ikabaki. Nikiuliza, chef anasema umeme iko, nani analalamika? Na wote wanajua, yaya. Wanapita pale, wanaiona waya, wanageuza macho. Afadhali wangekuwa wajinga. Nilikuwa nikirudi nyumbani naona kinyaa hata kuvua viatu vya kazi mbele ya maman.

Ijumaa nilisimamisha machine, nikaitoa ile waya. Mutaa mzima ukaingia giza, chef akanifukuza mbele ya watu. Assani alikuwa pale, kwenye kiti chake cha kulinda machine, hatua chache kutoka turbine. Akaniambia polepole, "Shangazi, rudisha tu. Tumeshazoea." Rangi niliivumilia, chef nilimuvumilia. Hilo neno lilinishinda.

Sasa mufundi wa umeme anasema anaumwa. Ameogopa kuigusa tena. Chef naye hataki kukwangua kioo, maana ni kukubali kosa mbele ya watu; ametangaza kwamba aliyeitoa waya ndiye atakayeirudisha kwa mukono wake, kisha atasamehewa. Ndiyo hiyo pardon unayoniambia nikaombe.

Anayekuletea barua ni Mosi, muuza vitenge wa hapa Nyawera. Anashuka kwa njia ya Kamanyola mpaka Uvira, kisha anavuka na boti. Atalala kwenu.

Waya yenyewe nimeitia ndani ya bahasha hii. Ishike. Kama bado unaona niende kwa chef, mupe Mosi anirudishie, na mimi nitaifunga nyuma ya jicho, mutoto wako akiwa kwenye kiti chake. Ukiona hapana, itupe ziwani, na wewe mwenyewe umuambie Assani sababu.

Nisalimie sana wifi Malaika na wote wa nyumbani. Maman anawaombea dua kila alfajiri, na Mungu awalinde nyinyi huko na huyu wenu aliye huku.

Ni mimi mudogo wako, akupendaye hata akikasirika,

Bintu