Fungu la Kuruthumu

Kasulu Mjini,
Jumamosi, 13 Septemba.

Kwa mdogo wangu Yasmini,

Assalaam alaykum warahmatullah. Nakuandikia nikiwa nyuma ya kaunta ya duka la marehemu baba, mizani pembeni, na kila nikimaliza mstari anaingia mtu kutaka sabuni. Ukiona mwandiko umepinda ujue si uzee, ni wateja. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na vidole vyako vyote kumi bado vipo, maana nasikia visu vya huko hotelini mnavinoa kila asubuhi. Arusha baridi imepungua? Hapa kwetu kiangazi kimekaza, vumbi jekundu limeingia mpaka kwenye magunia ya mchele, ingawa alfajiri bado tunavaa sweta. Mimi sijambo. Mama naye kwa mwili hajambo, tena ameongezeka. Kuhusu salamu zake kwako nina maneno yangu, nitayafikia.

Utajiuliza barua ya nini na simu ipo. Bwana Mansuri wa duka la vitenge anakuja huko kumtazama binti yake, nikamwomba akukabidhi mkononi. Ninayotaka kukwambia hayasemeki kwenye simu, kwa sababu nikishika simu mama yuko ubavuni, na masikio yake hayajapungua hata kidogo. Halafu mimi kwenye simu ni mkali, unanijua. Kwenye karatasi napata nafasi ya kujikemea mwenyewe kwanza.

Nianze na chakula. Baada ya Idi ndogo nilikwambia mama amepunguza kula. Nilisema kupunguza ili usihangaike, lakini ukweli ni kwamba aliacha. Ugali alisukuma, wali alisukuma, hata ndizi kwa maharage, ambazo alikuwa akizila tangu utotoni kwao Kagerankanda, alizitazama tu mpaka zikapoa. Ukimuuliza anasema ameshakula, na anakutajia nyumba aliyokula, nyumba ya watu waliokwisha kufa kabla sisi hatujazaliwa. Nikampeleka kwa Daktari Ghati, yule mama aliyehamishiwa hapa kutoka Mara. Alimpima taratibu, akaongea naye kwa heshima zote, kisha akanivuta pembeni. Akanieleza kwamba ugonjwa wa kusahau hauna njia ya kurudi, hawezi kunidanganya, ila mwili wa mama bado ni mzima na kitakachoumaliza ni njaa. Nimtafutie chochote anachokitamani, nimpe hicho hicho.

Siku tatu nilimuuliza anatamani nini. Siku ya tatu ndipo akaniambia anataka kile chakula cha Yasmini, kile kinachonukia maziwa.

Unakumbuka ulivyokileta mara ya kwanza, ulipokuwa ukipika kwenye ile nyumba ya wageni Kibondo? Mama alicheka hadi akakaa chini, akauliza ni watu gani hao wanaochukua makaroni yaliyokwisha kuiva kwenye maji wakayapika tena kwenye makaa kama vile yana makosa. Idi iliyofuata yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuuliza kama maziwa yapo. Basi nikakutafuta kwa simu unipe maelekezo, na wewe ukanitumia ujumbe wa sauti: nyuzi mia na themanini, dakika thelathini na tano, jibini aina tatu. Mdogo wangu, nilizunguka Kasulu nzima sikupata hata aina moja. Na jiko langu la mkaa halina nyuzi, lina mlango wa kuingizia majivu machoni. Nilielewa siku ile kwamba umekaa na oveni ya umeme miaka minne, ukasahau ulikokuwa ukipikia wewe mwenyewe. Sikukwambia.

Nikajitengenezea jibini. Nilichemsha maziwa, nikakamulia limao, yakakatika, nikayafunga kwenye kitambaa cheupe na kuyakandamiza kwa jiwe la mizani usiku kucha. Hapo nilijiona hodari. Asubuhi nikakata vipande vinene nikavipanga juu ya makaroni, nikafunika, nikaweka makaa juu ya kifuniko, nikangoja jibini iyeyuke kama kwenye picha za simu. Haikuyeyuka. Nikaongeza makaa. Ikabaki vile vile, nyeupe, imetulia, inanitazama. Nikaongeza tena. Nilipofunua, makaroni yalikuwa mkaa mtupu na jibini haijabadilika hata rangi. Mama alijifunika pua kwa upande wa kanga, akageukia ukutani, na siku ile hakunywa hata chai.

Jumatatu yake nikafunga duka, jambo ambalo unajua sijalifanya tangu mazishi ya baba, nikamwachia jirani yetu Josephina amtazame mama, nikapanda gari la Kibondo. Nilimkuta Ininahazwe, mwalimu wako wa upishi wa ile nyumba ya wageni. Siku hizi ana mgahawa wake nyuma ya stendi, anauza chapati na maziwa mgando, na nywele zote zimekuwa nyeupe. Nilipomsimulia nilivyoingoja jibini iyeyuke alicheka hadi akashika ubavu. Akanieleza kwamba jibini ya limao haiyeyuki hata ukiipeleka kwenye moto wa kuchomea tofali, ndiyo maana alikufundisha kuifikicha laini laini ndani ya rojo la maziwa lililo moto, ipotelee humo.

Tukapika pamoja, mimi nikiwa mwanafunzi na miaka yangu hamsini na miwili. Siagi kwanza, kisha unga wa ngano, unakoroga bila kuuacha ubadilike rangi, maziwa unamimina kidogo kidogo, jibini ndani, pilipili manga, yai moja mwishoni. Makaroni unayatoa kwenye maji kabla hayajalegea. Halafu sufuria ndogo inakaa ndani ya kubwa yenye mchanga uliokwisha kupata moto, makaa mengi juu, machache chini. Na usifunue. Unasikiliza. Pembeni kunachemka kwa sauti, na sauti ikitulia ndipo chakula kiko tayari.

Tulipokuwa tukisikiliza, aliniuliza kama mama bado anafunika sahani. Nikashangaa amejuaje. Akasema ulimsimulia wewe: kwamba nyumbani kwetu aliye safarini hukatiwa fungu lake kabla ya mtu yeyote kuonja, likafunikwa sahani mpaka kesho yake, na kwamba ulikuwa ukilia jikoni kwake kila Ijumaa ukilifikiria fungu lako linavyopoa Kasulu. Yeye mama yake yuko ng'ambo ya mpaka, wanakutana sokoni Mabamba mara chache kwa mwaka. Alisema baada ya wewe kumsimulia habari ya sahani, alikwenda Mabamba wiki hiyo hiyo. Hilo nalo nimelibeba moyoni mpaka leo.

Ijumaa nilipika uani. Nilikuwa nimeinama juu ya sufuria nikisikiliza, mara nikasikia miguu. Mama alikuwa ametoka chumbani peke yake, bila fimbo na bila kunishika mimi. Akakaa mkekani, akaoshwa mikono, akala. Akala tena. Akakwangua ukoko wa pembeni kwa kucha kama alivyotukataza sisi tulipokuwa wadogo. Kisha akaniangalia akasema neno. Neno hilo nitalisema mbele kidogo, niache kwanza machozi yakauke, kuna mteja mlangoni.

Basi tangu siku hiyo kila Ijumaa napika, miezi minne sasa. Na ajabu ni kwamba akila Ijumaa moja, siku nyingine zote anakula chochote nimpacho. Daktari Ghati alipompima mwezi uliopita alitabasamu, akaniuliza dawa gani nimempa. Nikamwambia makaroni. Akaandika kwenye daftari lake.

Sasa Yasmini, funga mlango usome haya ukiwa umekaa.

Kamera ya simu yangu haijaharibika. Nilikudanganya. Umenilalamikia tangu Idi ya kuchinja kwamba sikuonyeshi mama, unasikia sauti tu, na mimi nikakujibu kioo kimepasuka, fundi hana kifaa. Simu ni nzima. Nimekuficha mama kwa makusudi, na sababu ni ile Idi. Ulipiga ukiwa na kofia yako nyeupe ya upishi, nikamwelekezea mama simu. Yeye akavuta mtandio akajisitiri vizuri, akakuamkia, “Mwakeye,” kwa heshima, kama anavyomwamkia mgeni. Wewe ukacheka, ukadhani anakutania. Mimi nikakata simu nikasingizia mtandao. Hukuona kilichofuata. Mama aliinama akaninong'oneza: yule mama ni mke wa nani, na amekuja kwa shida gani.

Na neno alilolisema mkekani, Ijumaa ile ya kwanza, ni hili: “Yasmini, umekuja.”

Nilimjibu kwamba mimi ni Kuruthumu. Akaweka kijiko chini. Uso wote ukajikunja, akaanza kunitazama kwa woga, akauliza Yasmini wake nimempeleka wapi. Nilikuwa nimehangaika wiki saba kuona chakula kikiingia kinywani mwake. Nikasema ndiyo mama, ni mimi Yasmini, nimekuja, kula. Akaokota kijiko. Mdogo wangu, tangu siku ile naitika jina lako. Yeyote apikaye chakula kile ni Yasmini, na aliyemuogesha miaka yote hii hamjui. Majirani wakibisha hodi wanaita Mama Kuruthumu, kama walivyomwita tangu aliponizaa, na yeye anaitika vizuri kabisa. Jina analo. Mwenye jina ndiye aliyempotea.

Sitakuficha kwamba mwanzoni nilikuchukia. Mimi ndiye niliyebaki, na wewe ndiye uliyefika. Lakini kuna la pili, na hilo ndilo limenifanya nishike kalamu. Wiki tatu zilizopita, kabla hajaonja, mama alikata ile kona yenye ukoko mwingi, akaiweka kwenye sahani ya maua ya buluu, akaifunika. Nikamuuliza fungu la nani. Akanishika mkono akaniambia, “La Kuruthumu. Hajaja muda mrefu. Nilimtoa shule akakae dukani baba yenu alipougua, na alikuwa na kichwa kukuzidi wewe. Hajanilaumu hata siku moja. Ningependa anilaumu, nipate kumwomba radhi. Akija, usimwache aondoke kabla sijamwona.”

Nilikuwa nimekaa naye goti kwa goti, Yasmini. Miaka thelathini na sita nimelisubiri neno hilo katika nyumba hii, nikidhani hata hajui kama kuna neno la kusema. Nililisikia kwa jina lako, na sikuweza kulijibu kwa langu. Ningesema ni mimi, angeogopa, angeacha kula. Nikasema nitamwambia. Kila Ijumaa sasa anakata kona ile anaifunika, na kila Jumamosi asubuhi, kabla sijafungua duka, naila mimi, imepoa, nimesimama jikoni ili asinione. Hata leo nimekula. Ilikuwa tamu.

Nakuomba uje. Najua watalii wako wengi, najua umeniambia baada ya msimu, na baada ya msimu huwa kuna msimu. Najua pia likizo ya msiba watakupa bila maswali. Nakuomba usiingoje hiyo. Uso wako hataujua, nakwambia mapema ili usije ukaumia mlangoni, lakini mkono wako ataujua. Wewe utaingia uani moja kwa moja, mchanga nitakuwa nimeshaupasha moto, maziwa yapo. Utapika. Yeye atatoka chumbani, atakaa mkekani, atakuita Yasmini, na safari hii atakuwa hajakosea.

Na mimi nitakuwa nimetoka kwa mlango wa nyuma. Nitazunguka kwa Josephina, nitavaa lile gauni la Idi, nitabeba mfuko kama mtu anayetoka safari ya mbali, nitakuja mlango wa mbele nibishe hodi. Wewe mwambie mama nani amekuja. Labda atanipokea, labda ataniamkia kama mgeni, sijui. Ila sahani itakuwepo imefunikwa, na nitakuwa na sababu ya kukaa chini kuila kona ile, mbele yake, ikiwa bado ya moto.

Msalimie Obedi mwenzako wa jikoni, yule uliyesema anatoka Buhigwe, na umshukuru kwa kukutazama. Ininahazwe anakusalimu, anasema oveni zisikuharibu. Daktari Ghati anakusalimu bila kukujua. Josephina na majirani wote wa mtaa wanakusalimu. Salamu za mama nimekupa jinsi zilivyo. Usilete zawadi, ukipata nafasi leta kipande kidogo cha hiyo jibini inayoyeyuka, nami niione kwa macho yangu. Mungu akufungulie njia uje salama.

Wako dada,

Kuruthumu,
ambaye bado hajafika.