Wa Mwisho Huchapwa

3 Februari

Mdogo wangu,

Hujambo? Watoto hawajambo? Mimi sijambo kidogo, mwili upo, moyo ndio una maneno. Namba yako niliifuta mwenyewe kwa hasira siku tulipomzika mama, mwaka wa sita huu, ndiyo maana unaona barua.

Daktari amesema moyo wangu umechoka kama wa mzee wa themanini, nami nina hamsini na moja. Nimeze dawa, tena nikimbie. Polepole, akasema, akarudia mara tatu kana kwamba mimi kiziwi. Haya. Nikanunua raba, nikawa natoka asubuhi kabla ya kufungua karakana yangu ya kuchomelea. Siku ya nne jamaa mmoja mwenye kitambi kikubwa kuliko changu akanipita kwenye kona ya kiwanda cha magodoro. Hakusema kitu, dada. Alinipita tu. Nilipozinduka nilikuwa nimemkalia kifuani, ngumi ina damu, watu watatu wananivuta shati. Jino lake moja lilikuwa limenasa kwenye kidole changu. Nimelala mahabusu siku mbili.

Nasikia wewe unakimbia mwaka wa nne huu, tena taratibu. Unafanyaje? Nifundishe. Daktari anasema nikiendelea na mbio zangu za zamani, mwaka huu hatutaumaliza pamoja, mimi na moyo.

Kaka yako


19 Februari

Kaka,

Shikamoo. Sisi wazima, mtoto wa kwanza ameanza kazi. Pole na moyo. Kwa huyo uliyemng'oa jino sikupi pole, na ukikutana naye piga magoti.

Mbio za polepole hazina siri. Ukishindwa kusema sentensi nzima bila kuhema, umezidisha. Tembea mpaka pumzi irudi, kisha uanze tena, na usione aibu kutembea. Mimi wauza mboga wananipita na matoroli yao wakiniuliza, "Mama, leo utafika?" Nawajibu, "Nikichelewa niwekeeni nyanya." Sasa nakwenda dakika arobaini. Siku ya kwanza nilikimbia dakika moja nikatapika.

Lakini hujui kwa nini hutaki kupitwa? Mimi najua. Baba alikuwa anasimama kwenye bomba la maji ameshika mkanda, sisi tunaanzia kwenye geti la shule, na wa mwisho huchapwa. Tulikuwa wawili tu. Wa mwisho alikuwa nani, kaka? Miaka minne hiyo, kila siku ya shule. Nina kovu la chuma cha mkanda nyuma ya paja. Mkunga aliyenizalisha aliniuliza niliungua na nini.

Baba mwenyewe yupo. Anakaa kwangu tangu mguu upooze. Ila mkono wa kulia mzima kabisa: juzi alinitandika mkongojo mdomoni kwa sababu chai ilikuwa ya moto. Nimeshonwa nyuzi tatu. Kesho yake nikaenda kukimbia na bandeji yangu, maana zile dakika arobaini ndizo pekee nisizosikia sauti yake.

Mdogo wako


2 Machi

Dada,

Marahaba. Mdomo unaendeleaje? Barua yako niliisomea karakanani. Nikachukua nyundo nikaupiga mlango wa geti la mteja mpaka ukakunjamana wote. Itabidi nimtengenezee mwingine.

Nakuja Jumamosi. Nitamvunja huo mkono wa kulia, kidole kimoja baada ya kingine, nikianzia gumba. Usinizuie. Nimeota mara mbili nikifanya hivyo, na mara zote mbili niliamka nimefurahi.

Kuhusu mazoezi: dakika tatu nakimbia, dakika tatu natembea. Ni kazi ya kuchosha roho. Mtu mzima na ndevu zangu, napitwa na kuku.

Kaka yako


9 Machi

Kaka,

Shikamoo. Usije. Ukija na hasira hiyo, mmoja wenu atatoka amebebwa, na polisi watakuja kukaa sebuleni kwangu mbele ya wanangu. Nimebadilisha kufuli.

Njoo siku utakayopitwa barabarani ukamwambia aliyekupita "mbio njema", na ngumi zako ziwe wazi. Si kwa kuigiza. Siku hiyo niandikie, nami nitakufungulia.

Na kitu kimoja nijibu, kwa sababu kimenikaa kooni tangu utoto. Wewe ulikuwa na miaka kumi na miwili, mimi sita. Hata siku moja, kati ya siku zote hizo, hukuweza kupunguza mwendo?

Mdogo wako


28 Julai

Mdogo wangu,

Hujambo? Marahaba ya miezi minne. Nisamehe ukimya. Jibu lako nimelianza mara tano. Kwanza niliandika kwamba nilikuwa mtoto tu. Nikachana. Nikaandika kwamba nilidhani siku moja utapata mbio. Uongo mtupu, nikachana tena.

Ukweli ni kwamba nilipunguza, mara moja. Ulikuwa umevimba kifundo cha mguu. Nikakuacha ukapita, nikachapwa mimi, akanichapa mpaka nikajikojolea mbele ya watoto wa majirani. Kesho yake nilikimbia kuliko siku zote. Nilipogeuka nikakuona uko nyuma unalia na mguu wako, nilifurahi. Nilifurahi, dada. Mkanda ulikuwa unakupiga mgongoni, na mimi nilikuwa nimeinama pale pale nakunywa maji ya bomba. Hayo ndiyo yaliyoziba moyo wangu, si mafuta anayosema daktari.

Sasa nakimbia nusu saa bila kusimama, polepole hivi kwamba mbwa wa jirani amechoka kunibwekea. Juma lililopita nilipitwa na mwanamke mwenye mimba kubwa. Ngumi zikajifunga zenyewe. Nikazifungua. Nikasema, "Mbio njema, mama." Akageuka akaniambia, "Asante baba, na wewe jikaze." Mimi nijikaze! Nilicheka mpaka nikakaa kwenye ukingo wa mtaro, na niliposimama ngumi zilikuwa bado wazi. Sikuigiza. Nifungulie.

Kaka yako


2 Agosti

Kaka,

Shikamoo. Barua yako niliisomea jikoni nikiwa nimesimama. Ile sehemu ya kufurahi niliisoma mara mbili. Baba akaita, "Wee Kobe, chai!" Ndilo jina alilonipa tangu enzi za mbio zile. Nikachelewa. Nilipoingia akanipiga mkongojo wa sikio.

Nikaunyakua, nikampiga nao. Mabegani, mkononi, mgongoni, usoni. Nilisikia bega likivunjika. Alisema, "Basi, mwanangu, basi," na mimi nikaendelea. Hajawahi kuniita mwanangu, na hilo ndilo lililonizidisha. Mimi mwalimu wako wa polepole! Usidhani niliacha kwa huruma. Niliacha kwa sababu mkongojo ulikatika.

Yuko hospitali. Bega limevunjika, meno mawili yametoka. Amewaambia wauguzi kwamba aliteleza bafuni. Ameniokoa huyu mshenzi, sijui kwa nini, na namchukia zaidi kwa hilo. Ijumaa ijayo watamrudisha nyumbani. Akirudi nitammaliza, kaka, sasa najijua. Nimefunga begi. Watoto watakwenda kwa shangazi yao. Nikiondoka usinitafute.

Mdogo wako


5 Agosti

Dada,

Fungua hilo begi. Nyumba ni yako, mtaa ni wako, wauza mboga ni wako. Atakayeondoka ni yeye. Ijumaa nitampitia hospitali na gari la rafiki yangu fundi magari, atakaa kwangu.

Najua unachokiwaza: kwamba nitamuua. Hata mimi nakiwaza hicho hicho, tangu juzi silali. Lakini ulibeba zamu zote, na zangu pia. Hii nipe.

Kaka yako


30 Septemba

Kaka,

Shikamoo. Huko hamjambo? Hapa kuna utulivu mpaka unanitisha; mwezi ule wa kwanza baada ya yeye kuondoka nilikuwa naruka kila kijiko kikianguka. Sikio moja bado halisikii vizuri. Jana nilikimbia saa nzima, mara ya kwanza tangu siku ile ya mkongojo. Nilitembea mara sita na nililia mara mbili, nikarudi.

Usiulize kama nimekusamehe. Siku nyingine ndiyo. Siku nyingine nakumbuka ulivyoinama kwenye bomba ukinywa maji, natamani ungekuwa mle chumbani wakati nimeshika mkongojo. Uliniandikia kweli, nami nakuandikia kweli.

Daktari wako anasemaje? Na naomba unijibu bila kunificha: umempiga?

Mdogo wako


11 Oktoba

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi tupo. Daktari amenipima, kasema moyo umepata nafuu, niendelee hivi hivi. Hayo uliyoyaandika nimeyapokea. Ni haki yako.

Mzee bega limeunga vibaya, sasa anatumia mkono wa kushoto, na ameuzoea upesi. Jumatatu alinimwagia chai kifuani. Jana nilikuwa nimepiga magoti namkata kucha za miguu, akanigonga kikombe cha bati utosini mpaka damu ikanishuka kwenye jicho. Nikamkamata shingo. Imekuwa nyembamba, dada, mkono wangu mmoja unaizunguka vidole vikakutana. Nikaminya. Akanitazama, wala hakuogopa. Akasema, "Nilijua atakayeniua ni wewe. Yule mwenzako hana nguvu hizo."

Nikaachia. Nikafunga mlango kwa nje, nikavaa raba. Nilitoka mbio kama mwehu, moyo ukanichoma, nikakaa chini barabarani nikihema. Nikatembea. Nikaanza upya polepole mpaka nikaweza kusema sentensi nzima. Sitakuandikia nilisema nini, haifai kwenye karatasi. Watu wakanipita, wengi tu. Niliporudi alikuwa amesinzia kitini, kucha za mguu mmoja zimekatwa, za wa pili hazijakatwa. Nikapiga magoti tena nikazikata.

Umeuliza kama nimempiga. Bado.

Kaka yako